Chupa, bido na sashe: historia ya vyombo vya pombe kali

Sashe moja ya pombe kali ya mililita 100, yenye alkoli ya asilimia 40, ina mililita 40 za alkoli safi ndani yake. Chupa kubwa ya Primus, ya sentilita 72 na alkoli ya asilimia 5, ina mililita 36. Ni kusema, kile kifuko kinachoingia ndani ya ngumi ya mtoto wa shule kina nguvu kupita chupa nzima ya bia ambayo mtu mzima anaikalia saa moja. Chupa inaonekana mezani, inataka kilauri, inadai vidanje irudishwe. Sashe inapasuliwa kwa meno, inanywewa kichochoroni, na plastiki yake inabaki mtaroni.

Katika masoko ya Kivu na Ituri watu wanabishana sana juu ya pombe yenyewe: nani anaipika, nani anainywa, nani imemharibu. Juu ya chombo chake hawasemi mengi. Lakini historia ya zaidi ya miaka mia moja inaonyesha kwamba kila mara wakubwa walipobadilisha sheria au kodi, pombe haikuisha. Ilibadilisha nguo tu. Na kila nguo mpya iliamua mambo matatu: nani ataweza kununua, nani atapata faida, na nani ataulizwa siku watu watakapokufa.

Chupa ya pembe nne mdomoni mwa mto

Katika karne ya 19, kabla Leopold wa Pili hajajiita mwenye Kongo, wafanyabiashara wa Uholanzi walikuwa wamekwisha kujenga maghala yao kule Banana, mahali mto Kongo unapoingia baharini. Walinunua mafuta ya mawese, karanga, mpira na pembe za tembo. Walilipa kwa vitambaa, bunduki, baruti, na jini iliyotoka Uholanzi, hasa mji wa Schiedam, uliojaa viwanda vya pombe hiyo.

Jini hiyo ilikuja ndani ya chupa ya kioo cha kijani kibichi, yenye pembe nne, pana mabegani na nyembamba chini. Umbo hilo lilikuwa na sababu. Chupa ya mviringo inapoteza nafasi ndani ya sanduku, na melini kila nafasi ni pesa. Chupa za pembe nne zinakaa bega kwa bega, kwa kawaida 12 katika sanduku moja la mbao, hazichezi, hazivunjiki ovyo. Wembamba wa chini ulisaidia pia kuitoa chupa ndani ya kalibu kiwandani.

Nyingi ziliandikwa jina la kiwanda juu ya kioo chenyewe, au kupigwa muhuri wa kioo begani. Karatasi huoza kwa unyevu wa meli na wa pwani, lakini herufi za kioo hubaki. Mnunuzi asiyejua kusoma aliweza kuzipapasa kwa kidole. Kwenye pwani ya magharibi ya Afrika watu walizoea chapa zao, na mfanyabiashara aliyeleta jini ileile ndani ya chupa ya umbo lingine aliweza kurudi nayo. Umbo la chupa lilikuwa ndiyo dhamana.

Na chupa haikutupwa baada ya kumalizika. Ilibeba mafuta, dawa na maji. Katika nchi ya Wakongo, kule Kongo ya Chini, chupa na sahani ziliwekwa juu ya makaburi ya watu wenye heshima pamoja na vitu vingine walivyovitumia walipokuwa hai. Chombo cha mgeni kikawa kitu cha ukoo.

Sheria za wazungu na chungu kilichofichwa

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba ulioitwa wa kupiga vita biashara ya watumwa. Ndani yake kulikuwa na sura juu ya pombe kali. Ilihusu sehemu ya Afrika kuanzia digrii 20 kaskazini ya ikweta hadi digrii 22 kusini. Mahali ambapo pombe hiyo haikuwa imezoeleka, ilikatazwa kuingizwa. Mahali ilipokuwa imezoeleka, ilitozwa kodi. Kwa Kongo, maana yake ilikuwa hii: karibu nchi yote ya ndani ilifungwa, na sehemu ndogo ya chini karibu na bahari ikabaki kulipa ushuru. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, mkataba wa Saint-Germain wa tarehe 10 Septemba 1919 uliongeza ukali na kukataza katika sehemu kubwa ya Afrika ile pombe kali ya rahisi iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuziwa Waafrika.

Sababu zilizotajwa zilikuwa za huruma: kulinda watu na familia zao. Lakini mzungu aliyekaa ndani ya Kongo aliendelea kupata wiski yake. Mwafrika ndiye aliyekatazwa, na katazo hilo lilidumu hadi miaka ya mwisho ya ukoloni.

Kiu haikuheshimu mkataba. Watu walijua tayari kuchachusha ndizi, mtama, mahindi na muhogo. Kilichoongezeka ni ujuzi wa mvuke: pipa juu ya moto, bomba la shaba linalopita ndani ya maji baridi, na tone moja baada ya lingine likianguka ndani ya chombo. Kule Kinshasa na Ekwateri inaitwa lotoko. Upande wa Kivu ni kanyanga. Majina ni mengi, njia ni moja.

Hapa ndipo chombo kilipopoteza jina. Kwenye chupa ya Schiedam, jina lilikuwa fahari na dhamana. Kwa mama aliyepika lotoko usiku, jina juu ya chombo lingekuwa ushahidi mbele ya polisi. Basi pombe yake ilikaa ndani ya kibuyu, ndani ya chungu, ndani ya chupa ya mtu mwingine. Chombo kizuri kilikuwa kile kisichosema kitu. Tabia hiyo haikuzaliwa na uchafu wa wapishi, kama wengi wanavyosema. Ilizaliwa na sheria.

Katika miaka hiyohiyo bia ya kiwanda ilifuata njia nyingine. Kampuni ya bia ya Léopoldville iliundwa mwaka 1923, na mwisho wa 1926 Primus ya kwanza ikatoka. Bia ilikuja na chupa yenye jina, kasie la kuibeba, na vidanje inayomlazimisha mnywaji kurudisha chupa au kulipa. Chupa ya kioo ni ghali, kwa hiyo kiwanda kilihakikisha inarudi. Matokeo yake yanaonekana hata leo: ni vigumu kuona chupa nzima ya bia imetupwa barabarani Bukavu au Butembo, maana mtoto wa kwanza anayeiona anaiokota. Na mara nyingi chupa hiyohiyo ya bia, ikiwa imeoshwa na kuzibwa kwa karatasi au kipande cha mgomba, ndiyo imekuwa kipimo cha kanyanga. Jina limeandikwa la kiwanda, ndani mna kazi ya mama asiyejulikana.

Waragi yapata jina, wapishi wabaki bila jina

Hadithi iliyo wazi kuliko zote juu ya jina na chombo iko ng'ambo ya ziwa Albert, Uganda. Nayo ina mguu mmoja ndani ya Ituri. Mwaka 1891 kapteni Lugard, mtu wa kampuni ya Uingereza, alifika Kavalli, kwenye ukingo wa magharibi wa ziwa hilo, kuwachukua askari wa Sudan waliokuwa wameachwa huko baada ya Emin Pasha kuondoka. Aliwavusha pamoja na wake zao, watoto na watumishi wao, wakawa mwanzo wa jamii ya Wanubi wa Uganda. Wanawake wa Kinubi walijulikana baadaye, toka Bombo hadi Kibera ya Nairobi, kwa kupika pombe ya mvuke.

Watu wengi Uganda wanasema neno waragi limetoka kwa Waingereza, kwa maneno yao yenye maana ya jini ya vita. Wengine wanalifuata hadi kwenye Kiarabu, araki, neno ambalo shina lake ni jasho. Njia hii ya pili inaeleweka kwa kila mtu aliyewahi kuangalia bomba la shaba: pombe inatoka kama jasho, tone kwa tone.

Chini ya Waingereza, kupika enguli ya ndizi kulikuwa kosa. Baada ya uhuru wa 1962, serikali mpya ilitazama jambo hilo upya. Pombe inapikwa kila kijiji, kuikataza hakufaulu, na kodi haiingii. Katikati ya miaka ya 1960 ikapitishwa sheria ya enguli: mpishi achukue leseni, na pombe yake aiuze kwa kiwanda. Kiwanda kikaisafisha kwa mvuke mara nyingine, kikailinganisha nguvu, kikaifunga ndani ya chupa za kioo zenye karatasi iliyoandikwa Uganda Waragi. Mwaka unaotajwa kuwa mwanzo wa chapa hiyo ni 1965.

Lilikuwa wazo kubwa. Kinywaji cha kufichwa kilipewa chupa, kifuniko, muhuri na jina la taifa. Mtu wa hoteli ya Kampala aliweza kukiagiza bila haya, mezani pamoja na jini ya Ulaya. Lakini tazama nani aliingia ndani ya chupa na nani alibaki nje. Jina la waragi lilikwenda kiwandani. Mpishi wa kijijini, ambaye mama yake na bibi yake ndio waliojua kazi, alipata njia moja tu ya halali: kuuza mali ghafi kwa bei aliyopangiwa. Akiuza kwa jirani yake bila leseni, kinywaji kilekile kiliitwa haramu. Wengi waliendelea kuuza kwa jirani. Leo chapa hiyo ni ya Uganda Breweries, na chupa zake zinapatikana toka Kasindi hadi Mahagi. Ile ya vijijini bado inasafiri ndani ya bido.

Tanzania ilikuwa na njia inayofanana kidogo. Konyagi, pombe ya asilimia 35 kutoka Dar es Salaam, ilipata chupa yake na jina lake, nalo jina ni neno la Ulaya lililogeuzwa na ulimi wa Waswahili. Wapishi wa gongo hawakupata chupa.

Sashe: kodi ndogo, plastiki ndogo, soko kubwa

Kisha ikaja plastiki. Mashine ya sashe inafanya kazi rahisi: inakunja utepe wa plastiki uliokwisha kuchapwa rangi na maandishi, inauchoma pembeni, inajaza, inauchoma juu, inakata. Hakuna chupa ya kununua, hakuna kifuniko, hakuna kasie, hakuna vidanje ya kudai. Gari lililobeba chupa lilibeba nusu kioo, nusu pombe. Gari la sashe limebeba karibu pombe tupu.

Kwa mwenye kiwanda hiyo ni faida. Kwa mnunuzi maskini ilionekana kama heshima: kwa mara ya kwanza mtu mwenye noti moja ndogo ya franka mfukoni aliweza kununua kitu chenye jina, rangi na picha, wala si kilauri cha kanyanga kutoka bido isiyojulikana. Wachoraji wa sashe walilijua hilo. Walipaka nyekundu, dhahabu, kijani kinachong'aa. Waliweka simba, chui, mananasi, jina la Kiingereza. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sashe ilijitembeza hadi kwenye maparkingi ya motari, kwenye machimbo, kwenye vituo vya askari, na mbele ya shule. Katika kioske ilining'inizwa kwa mistari pamoja na sabuni, maziwa ya unga na peremende. Bukavu watu waliipa jina la sapilo, jina lililokuja kubeba karibu kila pombe kali ya bei ndogo.

Chupa ya kawaida ina namna yake ya kumchelewesha mtu. Inamtaka akusanye pesa, au anunue na mwenzake, inaonekana, ina kifuniko, na kifuniko kinaweza kurudishwa. Sashe haina kifuniko. Ikisha kupasuliwa lazima iishe. Aliyechora chombo hicho alikwisha kuamua, kabla mnywaji hajaamua, kwamba mililita zote zitanywewa hapo hapo.

Marufuku, na chombo kilichofuata

Nchi za jirani zilianza kuona. Kenya ilikataza pombe kali ya sashe mwaka 2004. Sheria yake ya vileo ya 2010 ikasema pombe kali ifungwe katika chombo kisichopungua mililita 250, na onyo la afya lionekane wazi juu yake. Tanzania, waziri mkuu Kassim Majaliwa alitangaza mwanzoni mwa 2017 kwamba viroba vinakoma tarehe 1 Machi mwaka huo. Uganda ilifuata mwaka 2019: sashe zikaondolewa, na kipimo kidogo kabisa cha pombe kali kikawa mililita 200. Rwanda ilikwenda mbali zaidi, ikaiweka kanyanga upande mmoja na dawa za kulevya. Mtu anayekamatwa akiivusha mpaka anaweza kuhukumiwa kwenda jela, si kulipa faini tu.

Kongo nayo ina sheria. Amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki, pamoja na zile za kufungia vyakula, maji na vinywaji. Amri hiyo iliandikwa kwa sababu ya mazingira, yaani mitaro iliyoziba na takataka zinazojaa mitoni. Lakini kwa maandishi yake, sashe ya pombe imo ndani. Anayetembea sokoni anaweza kupima mwenyewe amri hiyo imefika wapi.

Je, marufuku ya sashe imesaidia? Jibu la haki lina pande mbili. Chupa ya mililita 200 inagharimu kuliko sashe, na bei peke yake inamzuia mtoto. Hilo si dogo. Lakini Malawi ilipofunga njia ya sashe, zilionekana chupa ndogo za plastiki za mililita 30, kwa bei ya mtu maskini. Tone la zamani, nguo mpya. Upande wa Kivu pia, chupa bapa ya plastiki inayoingia mfuko wa suruali imechukua nafasi ya sashe mahali pengi. Na yule asiyeweza kununua chupa anarudi kwenye kilauri kinachopimwa kutoka bido, ambako hakuna maandishi kabisa.

Ubaya wa bido usio na jina

Huko ndiko hatari kubwa iliko, na historia ya karibu ina makaburi. Novemba 2000, katika mitaa maskini ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Aprili 2010, wilaya ya Kabale, Uganda, kwenye barabara inayotoka Bunagana kwenda Kampala, na sehemu za jirani, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Mwaka 2014 Kenya ililia tena.

Methanoli ni alkoli ya viwandani. Inafanana na pombe kwa macho, kwa harufu karibu, na kwa ulimi. Mapishi ya ndizi au mahindi yana kiasi kidogo, lakini vifo vya wengi pamoja hutokea hasa mtu anapomimina kemikali ya kiwanda ndani ya pipa ili aongeze ukali na wingi. Mnywaji hasikii kitu mara moja. Baada ya saa kadhaa, pengine siku nzima, kichwa kinauma, tumbo linakata, anatapika, macho yanaona ukungu. Wengine wanapona wakiwa vipofu. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe hospitali upesi, na asiambiwe alale hadi pombe imtoke, maana kuna matibabu na saa zina thamani.

Baada ya vifo kama hivyo, swali la kwanza la wachunguzi ni moja: ilitoka wapi? Chupa yenye jina, namba ya toleo na mahali ilipotengenezwa inaweza kufuatwa hadi mlangoni. Bido ya njano iliyopita mikono sita haina la kujibu. Muuzaji wa mwisho, mara nyingi mwanamke mwenye meza ndogo, anakamatwa yeye, naye hakuipika na hakujua kilichomo.

Pombe ya mama waliohama

Wakati wa vita jambo hili linakuwa zito zaidi. Familia inayokimbia kijiji inaacha shamba la migomba, mbuzi, na mavuno. Haiwezi kubeba ardhi, lakini inabeba ujuzi. Katika kambi na mitaa inayopokea waliohamishwa, kupika au kuuza kanyanga ni moja ya kazi chache zinazoanza na mtaji mdogo: bido ya mkopo asubuhi, vilauri mchana, deni linalipwa jioni, na kinachobaki kinanunua unga, makala na kalamu za shule. Mwenye kusema tu kwamba mama hao waache, aseme pia watoto watakula nini.

Lakini pesa hiyo ina bei yake ndani ya kambi yenyewe. Wanaume waliopoteza kazi ndio wanunuzi wa kwanza. Kelele za usiku, kupigwa kwa wanawake, watoto wanaotumwa kuuza vilauri: haya yanasemwa na wakaaji wenyewe kwenye mikutano ya kamati. Na mpishi aliyehama hupika kwa haraka, kwa pipa la kuazima ambalo huenda jana lilibeba mafuta au dawa ya kiwanda. Chombo chafu kinaweza kuharibu kazi ya mikono iliyo safi.

Polisi wanapokuja, kwa kawaida wanamwaga. Pombe inakwenda mtaroni, bido inatobolewa, faini inatolewa. Kesho yake mama ana deni mara mbili, na anapika tena, sasa ndani kabisa ya mgomba ambako hakuna jirani wa kuona anachotia ndani. Ni historia ya 1890 kwa udogo: katazo linaondoa jina, haliondoi pombe.

Jina juu ya chupa

Siku hizi duniani kuna wimbi la wapishi wadogo wa pombe kali wanaouza kwa bei kubwa, na chupa zao ni nusu ya biashara. Nairobi kuna jini iitwayo Procera, inayotumia matunda ya mti wa mreteni wa Afrika. Chupa zake zilipulizwa kwa mdomo na mafundi wa huko, kwa kioo kilichokwisha kutumika. Mtu wa London anailipia kwa sababu ina hadithi iliyoandikwa: mti gani, mlima gani, mkono wa nani. Kanyanga ya ndizi nayo ina mti, mlima na mkono. Tofauti ni kwamba hadithi yake imefichwa kwa zaidi ya miaka mia.

Hakuna anayeweza kumwambia mama wa kambini aagize chupa ya kupulizwa. Njia fupi zaidi iko kwenye mambo madogo ambayo chupa ya Schiedam ilikuwa nayo tayari: chombo safi cha kioo, muhuri unaoonyesha kama kimefunguliwa, na jina la aliyefunga. Kwa kuongeza kuna nguvu ya pombe, tarehe, na alama ya aliyeipima. Kongo ina OCC ya kupima bidhaa na DGDA ya kutoza kodi ya pombe. Mpishi mmoja hawezi kulipa gharama zote hizo, lakini ushirika wa wapishi ishirini wenye pipa moja safi na chupa za bia zilizooshwa kwa maji ya moto ungekaribia. Uganda ya miaka ya 1960 ilionyesha kwamba serikali inaweza kuwaita wapishi waje mwangani. Ilionyesha pia kosa la kuepuka: kuchukua jina lao na kuwaachia jiko.

Wakati hayo yanangojwa, mnunuzi ana macho yake. Chupa ambayo kifuniko chake kimekwisha kuzungushwa, karatasi iliyogunduliwa upande au yenye maandishi yaliyokosewa, chapa maarufu kwa bei isiyoaminika, plastiki isiyo na jina wala mahali: hivyo vyote vinasema kitu. Na muuzaji anayejua bido yake imetoka kwa nani, siku gani, aandike. Jina moja na tarehe moja ndani ya daftari la shule vinatosha kumtoa mikononi mwa polisi siku msiba ukifika, na vinatosha kuwaonyesha waganga ni watu gani wengine wamekunywa pombe hiyohiyo na hawajaanza kuumwa bado.